Rahisi ya Bei na Rahisi ya Mkono

Neno "rahisi" limebeba mizigo miwili. Lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya bei ya chini, na hadi leo mchuuzi katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii hulitumia kwa maana hiyo anapomnadia mteja nyanya zake. Hata hivyo, mwanafunzi atokaye katika chumba cha mtihani akidai kwamba maswali yalikuwa rahisi hazungumzii bei hata kidogo, anazungumzia wepesi. Yamkini wasemaji wa kale waliona kwamba kisichouchosha mfuko na kisichouchosha mwili ni watoto wa mama mmoja. Wahenga nao, kwa hulka yao ya kutoiamini sana furaha ya sokoni, wakaonya kwamba rahisi huvunja upishi. Ubishi huu baina ya neno na methali huzuka upya kila mara mtu wa kipato kidogo asimamapo mbele ya kaunta, mbele yake pana vitu viwili vinavyofanana, kimoja cha bei ya chini na kingine cha bei ya juu.

Makala haya yanautazama ubishi huo kupitia chombo ambacho wengi huku Gusii hawajapata kukishika: fimbo ya kuvulia samaki kwa nzi bandia. Swali lenyewe ni fupi. Je, fimbo ya bei nafuu inafaa kununuliwa, au ni njia ya kulipa mara mbili?

Kiswahili ni lugha iliyolelewa na bahari, na hazina yake ya maneno ya uvuvi ni kubwa: mshipi, ndoana, chambo, chubwi, chelezo, dema, jarife. Mvuvi wa pwani aghalabu huushika mshipi kwa mkono mtupu, chubwi likauvuta hadi chini. Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, mvulana alikata mwanzi au ufito, akafunga mshipi nchani, akachimbua nyungunyungu, kisha akaketi kando ya maji akikitazama chelezo. Uvuvi wa nzi bandia ni jamaa wa mbali wa mbinu hizi. Nzi huyo ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ikafanana na mdudu, na kwa kuwa hana uzito wa maana, hawezi kurushwa kama jiwe. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na wenye uzito. Mvuvi huurusha nyuma, akasubiri unyooke hewani, kisha akaurusha mbele. Fimbo hupinda kwa uzito wake, ikajifyatua, na nzi akafuata nyuma kama mtoto aliyeshika upindo wa nguo ya mamaye.

Historia ya mbinu hii nchini Kenya ina harufu ya ukwasi. Samaki aina ya trauti waliletwa na walowezi mwaka 1905, pale Ewart Grogan alipoagiza mayai kutoka Uskochi na kuyatia katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Kwa miaka mingi fimbo ya nzi bandia ilikuwa alama ya mwenye shamba na mgeni wake. Kinaya ni kwamba nzi wenyewe, wale wanaojaza visanduku vya wavuvi wa Ulaya na Marekani, wengi wamefungwa kwa mikono ya Wakenya na kusafirishwa ng'ambo. Nzi mmoja ni kitu cha bei ndogo sana, lakini ndani yake mna ustadi wa vidole uliochukua muda mrefu kujengeka. Kwa hiyo tangu mwanzo inatupasa tuwe waangalifu: bei ya chini si ushahidi wa kazi mbovu, kama vile bei ya juu isivyo hati ya ubora.

Swali hili lilimfika mwalimu mmoja wa shule ya msingi viungani mwa Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira. Hakulifikia kwa tamaa ya anasa. Baba yake, ambaye yeye humwita Tata (kwani katika Ekegusii tata ndiye baba, na baba ndiye mama, jambo linalomchekesha kila mgeni wa lugha hiyo), alikuwa mvuvi wa mwanzi tangu utotoni. Alivua mumi katika Gucha, mto unaochimbuka kwenye vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukapita Kisii na kuteremka hadi Ziwa Viktoria, ambako majirani Waluo huuita Kuja. Kisha macho yake yakaanza kufifia. Daktari alieleza kwamba ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Nuru iliyopotea hairudi, na dawa ya matone inayotiwa machoni kila siku kazi yake ni kuilinda ile iliyosalia. Mzee hakukiona tena chelezo. Alipeleka mwanzi wake ghalani, akaanza kushinda barazani.

Mwalimu alikuwa amesoma kwamba anayevua kwa nzi anayezama hahitaji chelezo. Mvuvi huuvuta mshipi polepole kwa vidole, na samaki anapouma, mkono ndio unaopata habari. Urushaji nao huongozwa zaidi na hisia ya fimbo inapopinda kuliko na macho. Likamjia wazo kwamba huenda Tata angeweza kuvua tena kwa mkono kile alichokuwa akivua kwa jicho. Lakini fedha zilizokuwapo ni sehemu ndogo ya bonasi ya majani chai, na bonasi ile ilikuwa na wenyewe: karo, mbolea na matone. Mama mtu, ambaye ndiye mtunza hesabu wa boma, aliposikia habari ya fimbo alijibu kwa sentensi moja: "Matone ya babako hayangoji samaki." Hakukataa, aliweka mpaka. Fimbo yoyote itakayonunuliwa isiguse fedha za dawa.

Mpaka huo uliigeuza hoja ya bei kuwa hoja ya lazima. Fimbo za hali ya juu zitengenezwazo Marekani hufikia dola 1,000 na zaidi kwa fimbo pekee, bila mshipi wala kigurudumu cha kuukunjia. Hizo zilikuwa nje ya mjadala. Zilizobaki ni zile za bei ya chini, ambazo mara nyingi huuzwa zikiwa seti kamili: fimbo, kigurudumu, mshipi na nzi wachache ndani ya mfuko mmoja. Je, mfuko huo una kitu, au una mfano wa kitu?

Ili kujibu, ni muhimu kujua mnunuzi wa fimbo ghali hulipia nini. Hulipia wepesi wa uzito, kwani nyuzi za kaboni zilizoanza kutumiwa katika fimbo za nzi miaka ya 1970 huwa bora zaidi katika fimbo za bei ya juu. Hulipia kasi ya fimbo kujinyoosha baada ya kupinda, inayomwezesha kurusha mshipi mita 20 au 25 na kuukabili upepo. Hulipia viungo visivyolegea, pete laini zisizoukwaruza mshipi, na mara nyingi ahadi ya mtengenezaji kwamba kipande kikivunjika kitabadilishwa. Hulipia pia jina lililoandikwa juu ya mpini, na hilo samaki hajui kulisoma.

Sasa tuyapime hayo kwa maji ya Kisii na Nyamira. Katika sehemu zake za juu, Gucha si mto mpana. Fauka ya hayo, maji yaliyomfaa zaidi mzee asiyeona vizuri hayakuwa ya mto bali ya kidimbwi. Kuanzia mwaka 2009, serikali ya Kenya ilifadhili uchimbaji wa vidimbwi vya samaki katika maeneobunge 140, vidimbwi 200 katika kila eneobunge, kila kimoja kikiwa na mita mraba 300, vikatiwa ngege na mumi. Vidimbwi vya namna hii bado vipo Gusii. Mita mraba 300 ni kama mita 15 kwa 20. Mtu aliyesimama ukingoni hana haja ya kurusha mshipi zaidi ya mita kumi hivi, na ngege humla nzi mdogo anayezama.

Hapa ndipo pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana. Namba iandikwayo juu ya fimbo, tuseme namba 5, hutokana na kipimo kilichowekwa mwaka 1961: uzito wa futi 30 za kwanza za mshipi, yaani mita 9 na ushei. Kwa maneno mengine, namba ya fimbo yenyewe imejengwa juu ya umbali uleule wa kidimbwi. Ile ziada ya mita kumi au kumi na tano ambayo fimbo ghali humpa mvuvi ingetua katika shamba la migomba la jirani. Isitoshe, fimbo nyingi za bei ya chini, hasa zile za nyuzi za kioo, ni nzito kidogo na hujinyoosha polepole; hupinda hadi karibu na mpini hata kwa mshipi mfupi. Kwa mrushaji hodari anayetafuta umbali huo ni udhaifu. Kwa mkono wa mwanagenzi, au wa mzee anayesikiliza kwa kiganja, kupinda huko ndiko kunakomwambia kwamba wakati wa kurusha mbele umewadia. Rahisi ya bei, kwa mara moja, ikakutana na rahisi ya mkono.

Lakini tusije tukaipamba fimbo rahisi kuliko inavyostahili. Watengenezaji wa seti za bei ya chini hubana gharama mahali fulani, na mahali pabaya zaidi ni kwenye mshipi. Mshipi hafifu hukumbuka umbo la kigurudumu. Ukiukunjua unabaki na mapindi kama chemchemi ya kitanda, haunyooki hewani, wala hautelezi katika pete. Mwanagenzi hudhani kosa ni la mkono wake na hukata tamaa, ilhali kosa limo katika mfuko aliouziwa. Kwa kuwa ni mshipi unaomchukua nzi, fimbo rahisi yenye mshipi mzuri huvua vyema, na fimbo ghali yenye mshipi mbovu haivui. Kigurudumu, kwa samaki wadogo wa kidimbwi, kazi yake ni kuhifadhi mshipi tu. Hapo ndipo mtu anapoweza kubana shilingi bila majuto.

Wachongaji wa Tabaka wanalifahamu somo hili. Jiwe la sabuni la Kisii, lililofika katika maduka ya sanaa ya dunia nzima, huchongwa kwa panga, visu na tupa za kawaida, likalowanishwa, likasuguliwa kwa msasa na kung'arishwa kwa nta. Hakuna atakayesema kwamba kiboko aliyechongwa kwa kisu cha bei ndogo ni kiboko wa bei ndogo. Ila mchongaji anajua pia mpaka wa hoja hiyo: kisu kikiwa butu, hunolewa papo hapo. Hili ndilo jaribio ambalo kila chombo rahisi kinapaswa kupimwa nalo. Kikiharibika, je, kinaweza kutengenezwa na mikono iliyo karibu? Kiungo cha fimbo kinacholegea husaidiwa kwa kupakwa nta ya mshumaa. Pete iliyong'oka hurudishwa kwa uzi na gundi. Lakini kipande kilichovunjika cha fimbo isiyo na mwenyewe aliyeahidi kukibadilisha ni kuni tu.

Mwalimu alifuata hesabu hiyo. Hakuchukua seti, alichukua fimbo ya nyuzi za kioo isiyo na jina, kigurudumu cha plastiki, na mshipi uliozidi bei ya vyote viwili. Alizipitisha pamba ndani ya pete zote dukani kuona kama itanasa, akaviunganisha vipande na kuvitikisa kusikia kama vinagongana. Ncha ya ndoana inayozuia samaki kuchomoka aliibana kwa koleo, na mzee akavalishwa miwani na kofia pana, maana ndoana irukayo haichagui jicho zima na jicho gonjwa. Matone ya mwezi ule yalinunuliwa siku yake.

Wiki mbili za kwanza mshipi ulitua kila mahali isipokuwa majini, na mwenye kidimbwi, jirani aliyetoa idhini yake, alicheka hadi akakaa chini. Wiki ya tatu mzee alikwisha kuacha kuuliza mshipi uko wapi. Jumamosi moja mkono wake wa kushoto ulisimama ghafla, fimbo ikapinda hadi mpinini, na ngege asiyezidi kiganja akavutwa hadi ukingoni. Mzee alimpapasa tangu kichwa hadi mkia kabla ya kumrudisha majini, kisha akaomba aelekezwe tena upande wa maji ulipo.

Yapo mengi ambayo fimbo yoyote, rahisi au ghali, haiwezi kuyanunua. Haiwezi kuwarudisha ningu, ambao zamani walipanda kwa wingi mito kama Gucha kutaga mayai kabla ya nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito kuwapunguza katikati ya karne ya ishirini. Haiwezi kuuzuia udongo wa mashamba ya miinuko usiingie mtoni. Wala haiwezi kuirudisha nuru. Basi jibu la swali lililoulizwa ni hili: fimbo rahisi inafaa kununuliwa pale ambapo maji yake ni ya karibu, mshipi wake ni mzuri, kasoro zake zinaweza kutibiwa kwa mshumaa na uzi, na fedha zake hazikuchukuliwa kutoka kwa hitaji lisilongoja. Pasipo hayo, methali ya wahenga inasimama. Katika boma lile la Nyamira mama mtu hajabadili hesabu zake, ila kando ya safu ya matone ameongeza safu nyembamba ya nta na gundi.