Gari la mahari likianza kuchemsha

Wiki hii hatuzungumzii singo wala piko.

Maharusi wengi mnaniuliza mahari mkishaipokea muifanyie nini. Mie jibu langu limeegeshwa nje: Toyota Carina ya mwaka 1998. Mahari ni haki ya mke mwenyewe, si ya baba wala ya mume, nami yangu nikaichanganya na akiba ya kazi ya hina nikanunua gari. Kuna walioniambia bora ningenunua dhahabu. Alhamdulillahi kwa dhahabu, lakini haikufikishi Makunduchi alfajiri na sanduku la hina, vipodozi na nguo za biharusi.

Ila tuseme kweli: dhahabu haichemshi. Gari la umri ule huchemsha.

Rajabu iliyopita mshale wa joto ulianza kupanda kila nikikaa kwenye foleni ya Mwanakwerekwe. Nikipata njia nyeupe, unashuka. Shaaban ilikuwa mlangoni, na mnajua Shaaban kwetu: kila mtu anataka kuoza kabla ya Ramadhani. Nilikuwa na harusi saba, mbili za shamba. Shemeji yangu akanambia, "Shemeji, wewe tia maji tu, uvuke mwezi." Fundi mmoja naye akasema hivyo hivyo.

Mie sikuridhika. Biharusi ananisubiri mimi na nimempa ahadi. Nikichemsha katikati ya msitu wa Jozani, atakayeingia ukumbini bila kupambwa ni yeye. Nikalipeleka gari kwa fundi mwengine, mzee wa makamo, nikamwomba anioneshe kila kitu kwa macho yangu.

Gari likiwa limepoa akafungua rejeta. Maji yalikuwa rangi ya chai ya rangi, kutu tupu. Kisha akanambia, "Mwanangu, birika lako la chai nyumbani likoje ndani?" Nikamwambia lina ukoko mweupe. Akasema rejeta nayo iko hivyo hivyo. Maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa. Ukiyatia kwenye gari miaka na miaka, ule ukoko unaziba vijia vyembamba vya rejeta, maji hayapiti vizuri, na joto halina pa kutokea.

La pili, thamostati haikuwemo. Aliyekuwa na gari kabla yangu aliitoa. Hiki ni kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Mafundi wengi huitoa wakidai ni ya nchi za baridi. Lakini tazameni hesabu: jua letu likiwa kali sana ni digrii 32 au 33, na thamostati ya Carina hufunguka kwenye digrii 82 hivi. Kwa injini, hata Unguja ni baridi. Bila ya thamostati inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi na inachakaa haraka.

La tatu, wota pampu ilikuwa inavuja kidogo kidogo, na mipira ya rejeta imevimba, ukiibonyeza inabonyea kama andazi.

Nikauliza, kwani tusibadilishe rejeta peke yake, mengine baadaye? Jibu lake ndilo lililonifanya niandike leo. Mfuniko wa rejeta ukiwa mzima hufungia presha ndani, na presha ndiyo inayofanya maji yasichemke hata yakipita digrii 100. Ukiweka rejeta mpya na mfuniko mpya, presha inarudi kamili, na itatafuta palipo dhaifu. Mpira wa zamani uliokuwa unastahamili jana, leo unapasuka. Ukinunua kimoja kimoja, kila kipya kinakiumbua cha zamani kilichobaki.

Nilikuwa nimeweka shilingi 480,000 za kiti kipya cha biharusi. Rejeta ilikuwa 180,000, wota pampu 75,000, mipira miwili na klipu zake 40,000, thamostati na gasketi yake 25,000, mfuniko 15,000, kulanti 45,000, na ufundi 60,000. Jumla 440,000. Kiti kikangoja. Hedi ikipinda kwa joto, hata kiti cha zamani ningekiuza.

Kazi ilichukua siku nzima. Akasafisha njia za maji mpaka yakatoka meupe, akafunga vipya, akajaza kulanti taratibu, injini inanguruma na hita imewashwa, mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Hewa ikibaki ndani, gari jipya au la zamani litachemsha tu.

Sasa wasia wangu kwenu mnaoendesha. Gari likichemsha, simama pembeni, zima, ukae mbali. Usifungue mfuniko mpaka upoe kabisa, hata mtu akikuharakisha. Ule mvuke unaruka usoni na mikononi. Na kabla hujainamia injini, funga shungi na kusanya buibui lako. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe, na mikanda haijui hijabu. Kila wiki, asubuhi gari likiwa baridi, tazama kulanti kwenye chupa yake. Ikipungua, kuna panapovuja. Usijaze tu ukanyamaza.

Shaaban ikapita, harusi zote saba nikafika kwa wakati. Njia ya Makunduchi, mabegi yamejaa mpaka dirishani, mshale haukuvuka katikati. Tawakkul ninayo, na kila safari naisomea dua, lakini dua haizibi mpira uliopasuka.

Basi biharusi, ukitaka kununua gari kuukuu kwa mahari yako, Allah akutilie baraka. Usiyamalize yote kwenye bei ya gari. Bakisha sehemu ya rejeta na ndugu zake, na siku ya kufunga, nenda mwenyewe ukasimame hapo ukiangalia. Mali ni yako, na kuijua ni haki yako.

Wassalamu alaykum.