Safari ya Ulaya Yaanzia Kilosa

Katika wilaya yetu ya Kilosa ipo kata iitwayo Ulaya. Mtu atokaye Mikumi kwenda Kilosa mjini kwa barabara ya ndani hana budi kuipita, na tangu utotoni tumezoea mzaha kwamba sisi watu wa huku twaweza kwenda Ulaya asubuhi na kurudi jioni, bila pasipoti wala kuagwa na mtu. Mwaka huu nimeipita Ulaya hiyo mara nne, nikitafuta karatasi za kunifikisha Ulaya ile nyingine, aliko mume wangu.

Mume wangu ni Mjerumani, fundi wa umeme. Alifanya kazi mkoani mwetu kwa mkataba; tukajuana, na wazee waliporidhika tukafunga ndoa ya serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka tangazo la siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Mkataba ulipokwisha mwenzangu alirejea kwao Leipzig, nami nikabaki Mikumi kwa Mama, nikidhani kwamba cheti cha ndoa ndiyo tiketi yenyewe. La hasha!

Nilikuja kutambua kwamba viza ya matembezi, ambayo mwisho wake ni siku 90, ni kitu kimoja, na viza ya kwenda kuishi na mume ni kitu kingine kabisa. Hiyo ya pili huombwa ubalozini Dar es Salaam, mwombaji akienda mwenyewe na kuchukuliwa alama za vidole. Kisha jalada hupelekwa kwenye ofisi ya wageni ya mji anakokaa mume, na jibu husubiriwa wiki nyingi, pengine miezi. Hutakiwa cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, tafsiri zake, na cheti cha kufaulu mtihani wa hatua ya kwanza ya Kijerumani. Sharti hili la lugha lilianza mwaka 2007.

Kuhusu lugha sikunung'unika sana. Nilisoma ndani ya basi la Dar es Salaam, pale mbugani Mikumi ambapo magari hupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama. Twiga wakila miiba kando ya barabara, mimi nikikariri vitenzi. Mama ndiye aliyeuliza kama Wajerumani walioipitisha Reli ya Kati hapa Kilosa, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, walitahiniwa Kisagara kwanza. Nilicheka, ila sikuwa na jibu.

Kilichonitoa jasho ni jina la marehemu Baba. Mwishoni mwa mwaka 2009 tulikuwa tukikaa Kilosa mjini. Mto Mkondoa ulifurika ukabomoa kingo zake, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Sanduku letu la bati lilikwenda na maji, pamoja na kadi yangu ya kliniki na cheti cha ubatizo. Tukahamia Mikumi kwa ndugu zake Mama. Cheti cha kuzaliwa sikuwahi kuwa nacho. Nilizaliwa nyumbani, msimu wa mvua za El Nino, mwanzoni mwa 1998.

Basi nikaanza upya: barua ya uongozi wa mtaa, cheti cha kumaliza shule ya msingi, nakala ya ubatizo kutoka parokiani. Zilipowekwa pamoja mezani, karani alizitazama akasema kwa upole, "Dada, hapa pana wazee wawili. Huku babako ni Yohana, huku ni John. Yupi aliyekuzaa?" Hakukosea, kosa lilikuwa letu sisi wenyewe. Baba alijiita Yohana kanisani na John kazini, na hakuna aliyedhani kuwa siku moja majina hayo yatashindana. Ikabidi niape mbele ya hakimu kwamba ni mtu mmoja. Mama alikataa kubaki nyumbani. "Nimezaa naye watoto watano," alimwambia hakimu. "Mngeniuliza mimi kwanza, mheshimiwa."

Baada ya hapo nikakusanya picha na barua, maana mwombaji aweza kuulizwa jinsi alivyokutana na mwenzake. Mama alitaka kujua picha ni za nini. Nikamweleza: kuthibitisha kwamba tunapendana kweli. "Zamani zetu," akasema, "hilo liliulizwa na shangazi, si na serikali."

Lakini sehemu iliyonishinda ni nafasi ndogo ya fomu: nakusudia kukaa huko muda gani? Mimi ni kitinda mimba, na ndiye ninayempeleka Mama hospitali kupima shinikizo la damu. Mume wangu alisema kwamba, ikibidi, yeye ndiye atakayehamia kwetu. Njia hiyo pia nimeipima. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 humruhusu mke mgeni wa Mtanzania kuomba uraia kwa ajili ya ndoa yake. Mume mgeni hakupewa njia hiyo. Angeishi kwa vibali vya kuhuisha kila mara. Kwa hiyo popote tutakapokaa, mmoja wetu atakuwa mgeni dirishani.

Mama alinikuta nimeshika kalamu. Nikamsomea swali. Alinyamaza kidogo, akasema, "Jaza kweli, mwanangu. Aliyeulizwa ni wewe, si mimi." Kisha akaenda kutazama maharage jikoni. Nikaandika kwa penseli: miaka mingi. Siku hiyo jioni nikampigia simu kaka yangu wa Morogoro, naye amekubali kuhamia na mkewe kwa Mama. Hapo ndipo nilipoikaza kwa wino.

Enyi wazazi wenzetu, hata kama hamna binti atakayeolewa ng'ambo, msajilini mtoto angali mchanga; siku hizi katika mikoa mingi mtoto wa chini ya miaka 5 hupewa cheti bila malipo. Jina la baba liandikwe kwa namna moja kila mahali, kanisani au msikitini, shuleni na kazini. Na nakala za vyeti ziwekwe kwa ndugu anayekaa mbali na mto.