Filimbi Yangu, Kosa Langu

Wasee, leo sijakuja kulaumu refa. Leo refa ni mimi.

Mnajua mimi ni wa Kaikor. Kwetu ukidunda mpira kwa mchanga unabaki hapo hapo, kwa hivyo kikapu nilijifunzia Lodwar, na nikajiona mtaalamu. Likizo iliyopita nilienda Kakuma kuona binamu yangu. Jioni kulikuwa na mechi: vijana wa mjini dhidi ya vijana wa kambini. Refa hakutokea. Binamu akasema, "Mpeni huyu filimbi. Ni wa Kaikor, hana upande."

Zikabaki sekunde chache, mjini wanaongoza kwa pointi moja. Kijana mmoja wa kambini, Msudani Kusini, akaja mbio akidunda. Akadaka mpira mguu mmoja ukiwa chini, kushoto, kulia, akafunga. Mimi nikapuliza: ametembea! Hatua tatu, kikapu hakihesabiwi.

Wa mjini wakashangilia. Wa kambini hawakupiga hata kelele. Yule kijana aliniangalia tu, akasema, "Sawa, Mturkana." Maze, iliniuma kuliko matusi.

Usiku nikafungua simu nijihakikishie niko sawa. Nikapata kanuni za FIBA. Tangu Oktoba 2017, ukidaka mpira ukiwa kwenye mwendo, mguu ulio chini wakati huo hauhesabiwi. Hatua ya kwanza ni ile inayofuata, halafu una ya pili. Kumbe jamaa alikuwa na sifuri, moja, mbili. Kikapu halali kabisa. Mimi nilikuwa nahesabu sheria ya zamani, ile tuliyofundishwa na kelele za mashabiki.

Nikajaribu kujifariji. Hata NBA wanakosea, si ndio? Januari 28, 2023, Lakers wakicheza na Celtics kule Boston, LeBron James alipanda kufunga mwisho wa mechi, Jayson Tatum akampiga mkono, filimbi kimya. Patrick Beverley alichukua kamera ya mpiga picha akamwonyesha refa ushahidi, akaadhibiwa yeye! Lakers wakapoteza 125-121 kwenye muda wa ziada. Baadaye chama cha marefa kikakubali kwamba walikosea. Matokeo yakabaki vile vile.

Lakini faraja haikuja. LeBron alilala akijua refa hakuona. Yule kijana alilala akiamini niliona vizuri, ila nikachagua watu wangu. Na nikijiuliza kwa ukweli: angekuwa ni binamu yangu, ningepuliza haraka vile? Sijui. Hilo ndilo linanisumbua mpaka leo.

Asubuhi nikarudi uwanjani, nikamwonyesha simu mbele ya wenzake. Nikasema, "Ndugu, kikapu chako kilikuwa halali. Nilikosea." Akasoma polepole, mara mbili. Akauliza, "Sasa pointi zangu ziko wapi?"

Sikuwa na jibu. Akacheka kidogo, akasema nimtumie hiyo sheria awaonyeshe hata wale wa mjini.

Kwa hivyo kabla hujapiga kelele "ametembea!", soma sheria. Na ukipewa filimbi mahali ambapo watu tayari wanatazamana kwa jicho la pembeni, ukikosea, sema mapema na mbele ya watu. Pointi hazirudi, lakini angalau mtu hatalala akidhani alionewa kwa sababu ya kwao.

Wewe ushawahi kupuliza vibaya? Niambie ukweli.