Rangi ya unga kwenye ngozi, inawezekana?

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya mradi wa mwaka wa mwisho. Wengi mmeniuliza kwa nini nang'ang'ania rangi ya unga, kitu cha mageti na rimu za magari, wakati mimi nasomea ngozi. Sababu ni mjomba wangu. Anatengeneza makobazi na mikanda, na kumalizia anapuliza laka iliyochanganywa na thina, ndani ya chumba chenye dirisha moja. Kila jioni kichwa kinamgonga. Likizo iliyopita akaniambia, "Sasa mjomba, huko chuoni hamjapata dawa ya hii harufu?"

Rangi ya unga haina thina kabisa, ndio raha yake. Ni resini na rangi vilivyosagwa pamoja, vinapulizwa kwa bunduki inayoupa unga chaji ya umeme, makumi ya maelfu ya volti. Geti limeunganishwa na waya wa ardhini, kwa hiyo unga unalikimbilia wenyewe na kuliganda. Ule unaodondoka pembeni unauzoa na kuutumia tena. Halafu oveni: nyuzijoto 180 hadi 200, dakika 10 mpaka 20 hivi, unga unayeyuka na kuwa ganda gumu.

Hapo kwenye oveni ndipo ngozi inapogoma. Ngozi ni protini jamani, kolajeni, ndugu yake nyama! Iliyotengenezwa kwa magome ya miwati, kama ile inayopandwa Njombe, ikiwa imelowa huanza kusinyaa kwenye nyuzijoto 75 hadi 85. Ya kromu inavuka 100. Ikiwa kavu inavumilia zaidi, lakini sio 180. Niliingiza kipande makusudi ili nipate picha ya ripoti, kikatoka kimejikunja, kigumu kama ukoko wa wali. Mwenzangu wa chumba akakigonga mezani, akauliza kama kinaenda na ugali.

Tuseme joto tumelimudu. Bado kuna kukunjika. Geti halikunjwi, kiatu kinakunjwa kila hatua. Rangi ya unga ya kawaida inakaa mikroni 60 mpaka 120, hilo ni ganda nene mno kwa ngozi laini, litapasuka palepale vidoleni. Upo unga unaokaushwa kwa mwanga wa UV, wenyewe unahitaji joto dogo zaidi na unatumika kwenye mbao za MDF, ila taa zake sio za fundi wa mtaani.

Kwa mjomba nimeshampelekea jibu la haraka, nalo halina unga ndani yake: rangi ya akriliki ya maji, unapaka kwa sponji. Kichwa kimepona. Analalamika tu kwamba haing'ai kama laka na wakati wa masika inachelewa kukauka, na ana haki, wateja wake wanapenda mng'ao.

Ndio maana unga sijauacha. Ninachofanya sasa ni kuyeyusha unga wa poliyurethani laini juu ya karatasi isiyonata, ngozi ikiwa pembeni haijui kitu. Napata utando mwembamba unaong'aa. Ngozi naipaka gundi ya maji, naiacha ikauke, nalaza utando juu, nabana kwa presi ya moto nyuzijoto 80 kwa sekunde chache, nabandua karatasi. Sidai nimegundua mambo, viwanda vimeshabandika utando wa poliyurethani kwenye ngozi kwa mtindo huohuo. Changu ni huo unga tu, maana unaondoa thina hata kwenye kutengeneza utando.

Vipande vinne vya kwanza: vitatu vimeshika, kimoja kimebanduka pembeni, ngozi yake ina mafuta mengi. Nimevikunja kwa mkono mpaka kidole gumba kimeota sugu, msimamizi akacheka, akasema anataka mikunjo 20,000 ya mashine ndipo asome sura ya nne. Mashine ni moja, foleni ni ndefu, zamu yangu Jumanne.