Tulivyonunua Gari Kuukuu

Mwaka 2021 tuliuza ng'ombe sita ili tununue gari kuukuu la kubeba mazao na kumpeleka mama hospitali.

Gari la kwanza liling'aa kwa rangi mpya. Nilitaka kulipa palepale. Mke wangu akasema, "Baba Neema, kwanza tumlete fundi."

Fundi aligusa injini. Ilikuwa ya moto. "Injini ya moto huficha ubovu," alisema. Tukangoja ipoe. Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilifanana na chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia ndani ya injini. Tukaondoka.

Gari la pili lilikuwa limechujuka rangi, lakini injini yake nzima. Tukalinganisha namba ya chasisi na ile ya kwenye kadi. Zililingana, tukalipa.

Ndugu msomaji, rangi haivuti gari. Malipo ya fundi ni madogo kuliko hasara.