Kabla Hujapanda Boti

Wete, Pemba

Mpwa wangu,

Picha ya mashine ya kufyekea uliyoinunua Darajani nimeiona, pamoja na fungu la visu ulilouziwa. Kabla hujapanda boti ya Mkoani, kile chenye minyororo kirudishe dukani. Pingili ikikatika inaruka kama risasi. Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku visu vya namna hiyo mwaka 2012. Wasipokipokea, kitupe, usimpe mtu.

Unataka "kisu kikali kuliko vyote" ili tumalize kabla ya msimu wa karafuu. Yakhe, ukali si shida yetu. Chini ya mikarafuu mna nyasi na majani laini tu, na hapo uzi wa nailoni unatosha: ukigonga jiwe, unakatika uzi. Hata huo usiusogeze shinani. Unaukumbuka ule mkarafuu mchanga wa karibu na kisima? Mwaka juzi niliuzungushia uzi, nikajisifu pamesafika. Nilipoinama nikaona gamba limechunwa duara zima, upana wa kidole, na mti mweupe ndani unatoa maji. Majani yakanyauka kuanzia juu, na baada ya miezi mitatu tukaukata kuni. Kuzunguka shina tutapalilia kwa mkono. Dhoruba ya 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba kwa sehemu kubwa ikasalimika. Isije ikamalizwa na sisi.

Kule bondeni, penye mikwamba na mipera iliyojiotea, tutafunga kisu cha meno matatu. Sahani ya msumeno iwe kwa vijiti vigumu tu. Kwa vinene zaidi, shoka lipo.

Ila tazama kwanza bomba la mashine. Likiwa limepinda, chuma usikifunge kabisa, tumia uzi. Likiwa limenyooka, soma namba iliyopigwa kwenye kisu: mizunguko yake kwa dakika isiwe chini ya ile ya mashine, na tundu likae sawasawa bila kucheza. Kisu chenye ufa hakichomelewi. Nati yake mara nyingi hufunguka kwa kuzungushia kulia, kinyume na ulivyozoea, usije ukaivunja kwa nguvu.

Kisu kikizunguka kinyume cha saa, kama ilivyo kwa mashine nyingi, fyeka kutoka kulia kwenda kushoto. Kisiki kikiguswa na upande wa mbele kulia, mashine inaruka ghafla na mikono haiiwahi. Kovu la muundini mwangu, ulilokuwa ukiliuliza utotoni, ndilo hilo.

Watoto wa jirani hupenda kuifuata mashine. Wakifika hatua ishirini, zima.

Miwani na mabuti nunua huko huko, jozi mbili mbili. Mguu wangu namba 42.

Mjomba wako