Kabila Halina Mjane

Septemba 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, huko Champagne, Ufaransa, mshairi Blaise Cendrars alipoteza mkono wa kulia, aliokuwa akiandikia. Akajizoeza wa kushoto, na mwaka 1921 akatoa *Anthologie nègre*, mkusanyo wa ngano za Kiafrika zilizotoka katika vitabu vya wamisionari na wataalamu wa mila. Mjini Zürich, vita vikiwa vimepamba moto, mshairi Tristan Tzara na wenzake walighani nyimbo za Afrika na Oceania zilizochotwa katika maandishi ya aina hiyohiyo. T. S. Eliot naye, aliyefiwa na rafiki yake Jean Verdenal kule Dardanelles, aliijenga *The Waste Land* (1922) kwa msaada wa utafiti wa James Frazer juu ya matambiko ya miungu wafao na kufufuka.

Naielewa kiu yao. Ustaarabu waliolelewa nao ndio uliowafukia vijana wao kwenye mahandaki; wangeombolezaje kwa lugha yake ileile? Wakaenda kuazima kwa watu waliowadhania kuwa bado wamo utotoni mwa binadamu, mbali na vita.

Lakini hatukuwa mbali. Vita hivyohivyo vilipiganwa Tanga, Taveta na Mahiwa. Wapagazi waliobeba risasi na unga waliteketea kwa malaria, kuhara damu na njaa. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kufikia 95,000. Maandishi ya mnara wa askari na wapagazi jijini Nairobi yanaahidi kwamba wana wao watayakumbuka majina yao, ila majina yenyewe hayakuandikwa pale.

Katika vile vitabu vya ngano pia majina hayakuandikwa. Mtaalamu alipoinakili ngano, mara nyingi alitaja kabila, akamwacha bibi aliyeisimulia. Karani wa jeshi naye alihesabu vichwa. Wote wawili walimwona mtu kama sehemu ya kundi, na kundi halifiwi. Kabila halina mjane, wala mama wa kuliwekea matanga. Ndiyo maana Ulaya iliweza kulilia wafu wake kwa sauti zetu bila kuuliza kama nasi tuna msiba.

Bado ziko familia zinazomtaja babu aliyechukuliwa kuwa mpagazi asirudi. Jina hilo liandikwe, pamoja na kijiji chake na watoto aliowaacha. Bila hayo atabaki tarakimu katika hesabu ya jeshi lililomchukua, na aliyetuachia deni la kumlilia ni mtu.